Mavyaa, Mkaza Mwana na Sinki la Kizamani

Leo habari ni ya sinki. Sio lile la choo, ni lile la kunawia mikono na kupigia mswaki. Na kama unadhani ndoa inayumbishwa na simu na michepuko peke yake, basi hujawahi kukarabati bafu la nyumba ya urithi huku mama mkwe yumo humo humo ndani.

Wahusika ni mume na mke wa Mji Mkongwe, Zanzibar, maeneo ya Mkunazini. Nyumba ni ya ghorofa moja, kaiacha baba wa mume, na mama yake mume anaishi humo tangu alipoingizwa bi harusi. Kule Unguja mama wa mume anaitwa mavyaa, na mke wa mwana anaitwa mkaza mwana. Yashike hayo majina mawili, maana ndiyo habari yenyewe.

Mkaza mwana anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli, moja ya zile nyumba za zamani zilizokarabatiwa. Kila siku anaona bafu za wageni: bakuli la shaba limekaa juu ya meza nzito ya mbao, mfereji umepinda shingo kama bata, ukuta wa chokaa laini, kioo chenye fremu ya nakshi. Akirudi kwake anakuta kisinki cha ukutani kilichopasuka ubavu na kukazwa kwa waya, ndoo ya maji, kopo na kigoda. Miaka minne amekaa kwenye nyumba ambayo hata misumari ya ukutani ilipigwa kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo mume alipopokea mchezo, wakakubaliana bafu la juu litengenezwe kwanza, na mke ndiye achague. Alichotaka kina maneno matatu tu: muonekano wa zamani.

Sasa kuchagua sinki la kizamani kwenye nyumba ambayo yenyewe ni ya zamani kweli sio kama kuchagua kwenye nyumba ya tofali za saruji. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ni nene, nusu mita au zaidi, lakini ndani yake ni laini. Ukichimba tundu la bolti, chokaa inamong'onyoka kama biskuti. Ndiyo maana lile sinki la zamani lilikuwa linaning'inia kwa waya. Hapo sinki lolote la kutundika ukutani likafutwa mapema. Mtu akiliegemea kwa uzito wote, linakuja nalo.

Sakafu nayo ina masharti yake. Ghorofa imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Kwenye duka moja la vitu vilivyotumika mke aliona sinki la Kiingereza la chuma kizito kilichopakwa enameli nyeupe, lina mifereji miwili, mmoja wa maji moto na mmoja wa baridi. Zuri kweli. Lakini walihitajika vijana watatu kulisogeza tu, na nyumbani hakuna tangi la maji moto, yaani mfereji mmoja ungekaa pale kama hereni. Mume akasema hapana. Na alikuwa na sababu, kwani kila mtu mjini anakumbuka Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo watu wa Mji Mkongwe wakisikia neno ukarabati wanaangalia juu kwanza.

Likaja la marumaru. Linapendeza, lina ubaridi wake, ila marumaru na limau haviivani. Tindikali ya limau au siki inakula uso wa jiwe na kuacha doa lisilofutika. Kwenye nyumba ambayo mtu anatoka jikoni na mikono ya samaki anaipaka limau ili harufu ikatike, hilo sinki lingechakaa kabla ya Ramadhani ya pili.

Basi mke akarudi kwenye kile kilichokuwa moyoni tangu mwanzo, bakuli la shaba. Akalipata kwa laki tatu na nusu, la kufuliwa kwa nyundo, likiwaka kama jua la magharibi. Akapata na meza ya mbao ya kuliweka juu. Shaba inataka kusuguliwa, la sivyo kwa upepo wa bahari inakuwa nyeusi na mwisho kijani, lakini hilo alikuwa tayari nalo. Akampigia picha kila shoga yake.

Kigoda, ndoo na kopo vikatolewa nje. Vilikuwa vinaharibu picha.

Mavyaa hakusema kitu. Ni mwanamke wa miaka 71, ana goti moja linalomsumbua, na sio mtu wa maneno. Alipoulizwa kama analipenda bakuli alijibu, "Zuri, mwanangu. Kama la hotelini." Mkaza mwana akalichukua kama sifa.

Aliyeona tatizo ni fundi, mzee mmoja mwashi ambaye amezibazoba nusu ya nyumba za mtaa ule. Akiwa anasubiri mchanga, alimuona bibi akishuka ngazi adhuhuri, mkono mmoja ukutani. Akapanda. Alasiri akashuka tena. Na ngazi za nyumba zile mnazijua, nyembamba, zimesimama wima kama zinaenda kwenye dari. Alikuwa anashuka kutia udhu kwenye mfereji wa uani.

Fundi akamuita mkaza mwana juu bafuni, akagonga meza kwa kidole.

"Mwanangu, hili bakuli likikaa hapa juu, ukingo unafika wapi?"

Wakapima. Meza sentimita 78, bakuli 14. Jumla 92. Sinki la kawaida ukingo wake ni kama sentimita 80 hadi 85 kutoka sakafuni.

"Wewe mrefu, utanawa. Bibi atakosha miguu wapi?"

Hapo ndipo mke aliposhtuka. Udhu sio uso na mikono tu, miguu nayo inaoshwa mpaka kwenye vifundo. Kijana anaweza kuinua mguu akaupachika kwenye sinki, na wengi wanafanya hivyo, ndiyo maana masinki ya maofisini hayakai. Lakini mama wa miaka 71 mwenye goti bovu hawezi, na akijaribu kwenye sakafu yenye maji, ni nyonga. Miaka yote alikuwa anakaa kwenye kile kigoda, anamimina kwa kopo. Kigoda kiliondolewa bila mtu kumuuliza kilikuwa cha kazi gani.

Usidhani mke alikubali hapo hapo. Alikasirika. Hela imeshatoka, meza imeshanunuliwa, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuchagua mwenyewe kwenye nyumba ile. Akamwambia mumewe kwamba kila akitaka kitu lazima kitokee kikwazo chenye jina la mama. Mume, kama waume wengi kwenye mambo haya, akawa bize ghafla na simu. Mavyaa alipoulizwa akajibu, "Mimi nimesema kitu? Endeleeni." Kumbe alikuwa ameshampigia binti yake wa Fuoni amuandalie chumba cha chini. Alikuwa anahama kwenye nyumba yake mwenyewe, kimya kimya, kwa sababu ya bakuli.

Habari za Fuoni zikamfikia mkaza mwana kupitia wifi yake, na hazikufika kwa upole. Usiku ule hakulala vizuri. Alfajiri akasikia mlango wa mavyaa, akatoka na simu akawasha tochi, akamshika mkono wakashuka wote. Ngazi 17. Chini akasimama akimuangalia mama wa watu akijiinamisha gizani, maji baridi, mkono mmoja umeshika bomba. Kisha ngazi 17 tena kupanda. Hakuna aliyesema neno. Asubuhi akamwambia fundi asimamishe meza.

Na hapa ndipo lile neno zamani linapotaka kuulizwa vizuri: zamani ya nani? Picha nyingi tunazoziita za kizamani mitandaoni, sinki jeupe, mifereji miwili, vigae vyeusi na vyeupe, ni zamani ya London. Bakuli la shaba juu ya meza ni mtindo wa mahoteli. Zamani ya nyumba ile ilikuwa birika la maji pembeni, kata, na mahali pa chini pa kukaa. Nenda msikiti wowote uangalie: watu wanakaa kwenye kijiwe, mfereji uko mbele ya magoti, maji yanakimbia kwenye mtaro. Mji ule ulijua mambo ya maji mapema. Hamamu za pale Hamamni zilijengwa wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, na humo pia kuna sehemu za kukaa. Yaani kigoda kilichotupwa ndicho kilikuwa kitu cha kizamani kuliko vyote vilivyokuwa mle bafuni.

Fundi akajenga kwenye kona kibaraza cha kukalia, kimo cha sentimita 45, juu kikapigwa chokaa na kusuguliwa mpaka kikawa laini kama yai. Mbele yake mfereji wa chini, na sakafu ikainamishwa kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Ukutani akatumia chokaa, hakutumia saruji, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na mwisho plasta inavimba na kudondoka. Mabomba akayaacha nje ya ukuta, yaonekane. Sio kwa urembo, ingawa urembo umo, ni kwa sababu bomba likivuja ndani ya ukuta utajua siku vichwa vya boriti vimeshaoza.

Na sinki? Mke akavuka na boti mpaka Kariakoo, kwenye maduka ya Gerezani, akachagua sinki la mguu, la kaure nyeupe, lenye kingo za pembe nane kama yale ya kwenye nyumba za enzi ya Mwingereza. Laki moja na themanini. Uzito wake unasimama sakafuni kwenye mguu, bolti za ukutani ni za kulituliza tu lisitikisike. Mfereji akanunua wa shaba, akiwa na sumaku mkobani: ikinasa, ujue ndani ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, kitababuka. Bakuli akamuuzia mwenye nyumba ya wageni Jambiani kwa laki mbili na sitini. Tisini ikapotea, na ilimuuma. Meza hakuiuza, ameigeuza ya kupambia chumbani kwake.

Binti wa Fuoni aliambiwa chumba akipangishe.

Siku bafu lilipokamilika, mavyaa aliingia peke yake akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu mpaka mwanawe akaanza kugonga. Alipotoka, miguu imelowa, mkaza mwana amesimama mlangoni anasubiri angalau neno moja.

"Kizuri," akasema mama. "Ila kioo mmekitundika juu. Au mimi sitakiwi kujiona?"

Fundi alikuwa bado hajakusanya vifaa vyake. Kioo kikashushwa jioni ile ile.