Shokapu za Celica: shajara ya Iringa

Jumamosi, Juni 8, 2024

Gari limeshinda juu ya shimo la gereji, Ipogolo. Fundi ameegemea pembe ya nyuma kwa uzito wake wote, akaachia. Likainama, likapanda, likainama tena, likapanda. "Mwalimu, hapa hakuna shokapu. Kuna bomba tu."

Hali halisi: shokapu mbili za nyuma zimevuja hadi zimekauka. Za mbele zinatoa jasho la oili. Bushi kubwa za arm za mbele zimepasuka, ndiyo maana gari linavuta pembeni nikikanyaga breki. Linki za stablaiza zinagonga kwenye kila kokoto. Tairi za nyuma zimeliwa kwa mabaka, dalili ya gurudumu linalorukaruka badala ya kukaa barabarani.

Ni Celica ST202 ya 1996, milango miwili, taa nne za mviringo. Kwa bahati njema si SS-III. Ile ilitoka kiwandani na mfumo wa mbele unaoitwa Super Strut, wenye arm na boljointi za ziada. Ni mtamu ukiwa mpya, ila ukichakaa spea zake ni adimu na bei yake inauma. Yangu ina strati za kawaida mbele na nyuma, kitu ambacho fundi yeyote wa Iringa anakifungua bila kuuliza.

Jumapili, Juni 9

Nimempigia mdogo wangu Dar. Jibu lake alikuwa nalo kabla sijamaliza salamu: "Kaka, nenda Gerezani kwenye spea kachukue koilova used za Japani, zile shokapu zenye springi zake za kurekebisha urefu, shusha gari, weka rimu za 17. Litapendeza hilo!"

Litapendeza, sikatai. Lakini yeye anaendesha Mikocheni. Mimi nina barabara za aina tatu. Kuna lami ya kona: kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini kila siku, na mlima wa Kitonga kila ninapokwenda Dar. Kuna matuta: kila kijiji kwenye barabara ya TANZAM kimejitengea yake, na mengine hayana hata alama. Na kuna vumbi na makorongo nikitoka nje ya lami kwenda kwa wazee. Gari la kushushwa linafaa kwa aina moja tu, tena pale ambapo hakuna tuta.

Mtaani kwetu wenye Toyota IST wanafanya kinyume: wanachomeka spesa za raba kati ya mizunguko ya springi ili gari linyanyuke. Hilo nalo silitaki. Springi inabanwa sehemu moja, inakuwa ngumu kama gogo, na shafti za mbele zinakaa kwenye pembe ambayo hazikutengenezewa.

Jumamosi, Juni 15

Shule zimefungwa, nina muda wa kufikiri kwa kalamu.

Springi inabeba gari. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kushtuka. Watu wengi wanabadilisha springi wakati ugonjwa uko kwenye shokapu.

Kushusha kuna hesabu yake. Tuseme gurudumu lina milimita 80 za kupanda kabla ya kugonga raba ya mwisho. Ukishusha gari milimita 40, umetupa nusu. Ili lisigonge kila mara, springi ya kushusha lazima iwe ngumu zaidi, na ugumu huo unaishia kwenye kiuno cha dereva.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye strati za aina hii, arm ya chini ikishapita usawa na kuanza kuelekea juu upande wa gurudumu, ule mhimili ambao bodi inalalia kwenye kona unashuka haraka kuliko uzito wa gari unavyoshuka. Umbali kati yao unaongezeka. Kwa hiyo gari lililoshushwa kupita kiasi lina hamu kubwa zaidi ya kulala kwenye kona kuliko lilipotoka kiwandani. Springi ngumu ndiyo inayoficha jambo hilo.

Uamuzi wa kwanza: urefu ubaki wa kiwandani.

Jumamosi, Juni 22

Nilipokuwa mdogo, Celica ilikuwa gari la Safari Rally. Mashindano yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica ilishinda 1984, 1985, 1986 na 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995: Carlos Sainz, Juha Kankkunen, Ian Duncan wa Kenya, na Yoshio Fujimoto. Ziangalie picha zao. Gari limenyanyuka, lina ngao mbele, lina bomba la kuvutia hewa juu ili livuke mito. Kwa safari ile Toyota hawakuwa na shida ya kupendeza. Walitaka gurudumu liwe na nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka, na shokapu isiyochoka kwa joto.

Mimi si Kankkunen, na gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ila somo ni lilelile: nafasi ya gurudumu ni mali, usiiuze kwa bei ya picha.

Hili pia limenisaidia kuchagua aina ya shokapu. Za mrija mmoja wenye gesi ya shinikizo kubwa zinapoa vizuri. Lakini kwenye nyingi pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje; jiwe moja likiubonyeza, imekwisha. Za mirija miwili zinachoka mapema kwa joto, ila zinavumilia jiwe. Mwendo wangu wa joto ni mfupi, na mawe ni mengi. Nachukua mirija miwili: KYB mpya, za kiwango cha kawaida. Koilova used sitaki kabisa. Sili ikivuja, nani Iringa atanifungulia na kuijaza gesi?

Jumamosi, Juni 29

Nimekwenda hadi Ruaha Mbuyuni na kurudi, kwa makusudi. Kupanda Kitonga nyuma ya malori kunampa mtu muda wa kuwaza.

Swali lilikuwa hili: nitapataje gari lisilolala kwenye kona bila kuwa gumu kwenye matuta? Jibu liko kwenye stablaiza, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Tuta linanyanyua magurudumu yote mawili kwa pamoja. Chuma cha stablaiza kinazunguka tu kwenye bushi zake, hakipingi chochote. Kona inanyanyua upande mmoja na kushusha mwingine; hapo chuma kinajipinda na kuanza kazi. Kimelala kwenye tuta, kimeamka kwenye kona. Sijui kama kuna spea nyingine inayozifaa barabara hizi kiasi hicho.

Na hakihitaji unene mwingi. Ugumu wa chuma cha mviringo unakua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Kutoka milimita 16 hadi 18, ugumu unaongezeka kwa asilimia 60.

Gharama zake zipo. Shimo la upande mmoja litasikika zaidi. Na stablaiza nene ya nyuma inaulegeza mkia: kwenye gari la kuvutwa mbele inasaidia kona, lakini ukiachia mafuta ghafla kwenye mteremko wenye mvua na oili ya malori, nyuma inaweza kukupita. Kwa hiyo hatua moja tu, na tairi nzuri zaidi zikae nyuma.

Jumamosi, Julai 13

Mzigo umefika stendi ya Igumbilo kwa basi la usiku. Shokapu nne, raba za mwisho, makoti ya vumbi, beringi za juu za mbele. Stablaiza ya nyuma mdogo wangu ameitoa kwenye Celica iliyokatwa; nimeipima kwa kalipa, ni nene kuliko yangu. Ametuma na ujumbe: "Kaka, umenunua vitu ambavyo havionekani."

Bushi nimechagua za raba. Za poliurethani zinadumu, lakini zinapitisha mtetemo wote na zikikauka grisi kwenye vumbi zinalia.

Fundi amenifurahisha. Boliti za arm hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza likasimama kwa uzito wake, ndipo akakaza. Bushi ya raba ikikazwa magurudumu yakining'inia, inabaki imejisokota kila siku na kupasuka mapema. Mchana tukaenda kupima alaimenti.

Tairi: rimu zilezile za inchi 15, lakini 205/60 badala ya 205/55. Gari limenyanyuka milimita 10 bila spesa. Spidomita sasa inasoma pungufu kwa asilimia 3 na kitu. Nikumbuke hilo kwenye vibao vya 50, askari wenye tochi za kupimia mwendo hawasikilizi hesabu.

Jumatatu, Agosti 5, Mbeya

Nimefika kwenye maonyesho ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale. Mafinga kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma, Makambako upepo, Igurusi jua.

Matuta: gari linapanda, linashuka, linanyamaza. Mara moja tu. Kona za kabla ya Mbeya: pua inaingia nilikoielekeza, bodi inalala kidogo na kubaki hapo. Mashimo ya upande mmoja karibu na Chimala yalinitikisa kichwa kushoto na kulia, kama nilivyotarajia. Bei nimeikubali.

Kwenye maegesho kijana alilizunguka gari, akachungulia magurudumu. "Mzee, hili ukilishusha litakuwa hatari." Nikamwambia limeshafanyiwa kazi. Hakuamini.

Jumamosi, Agosti 10

Iringa. Fundi amekaza tena boliti zote, hakuna kilicholegea.

Sasa gari linaingia kwenye kona likiwa na mwendo ambao zamani lisingethubutu, na mimi ndiye ninayepaswa kulisimamisha. Oili ya breki ni ya kale. Inanyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na ikichemka kwenye mteremko mrefu pedali inazama. Kabla ya mvua za Novemba: oili mpya ya DOT 4, pedi, na diski zipimwe unene. Kitonga haishukwi kwa shokapu.