Ndama wa Mzee amepona

Najua nimepotea humu ndani. Siyo mitihani wala mapenzi, ni chesi. Huku Lushoto ukungu wiki hii unashuka mpaka dirishani, baridi ya kuvaa soksi mbili, kwa hiyo jioni tunajikunyata bwenini, ubao katikati, chai ya tangawizi pembeni. Na kila jioni jamaa wa chumbani ananifunga.

Rafiki yangu wa Dar akanipa Stockfish kwenye flashi. Kwa asiyeijua, ni programu ya chesi ya bure, inayomshinda hata bingwa wa dunia. Nikasema sasa nitachambua mechi zangu nijue nakosea wapi. Nikabofya. Kidirisha cheusi kikafunguka, kikajifunga. Nikabofya tena. Hola.

"Laptopu yako imekufa hiyo," jamaa akasema. Na mimi, bila hata kuchunguza, nikampigia Mzee kule Mlalo. Laptopu yenyewe ni ya mtumba, aliinunua kwa hela ya viazi. Nikamwambia imechoka, masomo yatanishinda. Akakaa kimya, halafu akasema: "Basi mwanangu, ndama si yupo. Nitamuuza."

Ndama mwenyewe ni mmoja tu. Usiku ule usingizi ukagoma.

Nikaanza kusoma. Kumbe Stockfish huandikwa na watu kwa lugha ya C++, halafu hutafsiriwa kuwa amri za prosesa. Huko ndiko kukompaili. Ile ya kwenye flashi ilitafsiriwa kwa ajili ya prosesa zinazojua amri za AVX2, ambazo Intel walianza kuzileta mwaka 2013. Yangu ni i3 ya 2011. Ni sawa na kumpelekea bibi yangu, anayejua Kisambaa tu, barua ya Kichina. Bibi si mgonjwa. Barua ndiyo siyo yake.

Basi nikaamua niitafsiri mwenyewe. Kwenye Windows unaweka MSYS2, inayokupa kidirisha cha kuandikia amri, kisha ndani yake unaweka kompaila ya GCC na make. Bando langu la wiki likaishia hapo. Nikaandika amri, ikajibu haimjui g++. Saa nzima nahangaika! Kumbe MSYS2 ina vidirisha kadhaa, na mimi nilifungua kile cha MSYS badala ya MINGW64 ambako kompaila yangu ilikaa. Nikahamia huko, nikaingia folda ya src, nikaandika:

make -j2 profile-build ARCH=x86-64-sse41-popcnt COMP=mingw

Hilo neno baada ya ARCH ndilo dawa: linasema tafsiri kwa lugha ya prosesa za zamani. Na profile-build inatengeneza programu mara ya kwanza, inaijaribu ione ni sehemu zipi zinatumika sana, kisha inaitengeneza upya iwe na kasi zaidi. Mwanzoni pia inashusha faili za mtandao wa neva, ambao Stockfish inautumia tangu toleo la 12 la mwaka 2020. Nikaomba bando kwa jamaa. Ikafika katikati, umeme ukakatika, na betri yangu ni jina tu. Nikaanza upya asubuhi.

Ikamaliza. Nikaandika ./stockfish bench, jaribio linalohesabu hali za mchezo ambazo injini imezipitia. Wanaoiandika hutaja namba hiyo wanapobadilisha fikra za injini, ili kila mtu ahakiki ya kwake. Nikalinganisha na ya toleo langu, tarakimu kwa tarakimu. Ni ileile! Mashine zao zina kasi kuliko yangu, lakini jibu ni moja. Wadau, nilisimama nikacheka peke yangu.

Nikakumbuka msaragambo wa kwetu, kijiji kizima kinapotoka kuchimba mfereji. Stockfish ilianza mwaka 2008 kutokana na Glaurung, programu ya Tord Romstad wa Norway, na tangu 2013 watu wa nchi mbalimbali wanaazimisha kompyuta zao kwenye Fishtest kujaribu kila badiliko. Maji ya mfereji huo yamefika mpaka bwenini kwetu.

Nilipomsimulia yule wa Dar akacheka: "Si ungeshusha tu ile iliyokwisha kompailiwa kwa kompyuta za zamani? Ipo palepale." Kweli ipo. Lakini ningeshusha bila kujua ni kwa nini ya kwanza iligoma, na ningebaki naisingizia laptopu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndama nampeleka mnadani keshokutwa."

"Baba, usimuuze. Laptopu ni nzima. Nilikosea mimi."

Kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anakohoa.

"Ulikosea nini?"

"Nilisema kabla sijaangalia."

"Haya," akasema. "Siku nyingine angalia kwanza."

Jioni jamaa akanifunga tena. Nikaiwekea Stockfish mechi ile, ikanionyesha hoja ya kumi na moja: nilimtoa malkia mapema bila kuangalia. Na yenyewe imeanza!

Tuko pamoja. Mwenye laptopu kuukuu na anayetaka tukompaili pamoja, aje chumbani na bando lake.