Dawa ya Kuku Bwawani

Shangazi aliniamsha alfajiri, hata shikamoo yangu hakuipokea. "Twende ukaone samaki wako." Wangu lini tena? Wakiwa wazima ni wake, wakiugua ni wangu. Bwawa liko nyuma ya nyumba, huko Kigamboni. Nikakuta perege wanaelea ubavu ubavu, wana vidonda vyekundu, mapezi yametatuka kama kanga iliyoliwa na panya.

Nikapewa hela, nikakimbia duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza bwawa lina ukubwa gani, wala nani kaupima huo ugonjwa. Akanipa pakiti ya tetrasaiklini ya kuku. Tukachanganya na pumba, tukamwaga. Siku chache vifo vikapungua, mimi nikajiona daktari. Wiki ile ile wateja wakaja, tukawauzia. Hatukungoja dawa iwatoke samaki mwilini, na hatukumwambia mtu. Mmoja wa wateja alikuwa mama wa mshikaji wangu, na mpaka leo ananisifu kwa wale samaki.

Sifa hiyo ndiyo iliyonisukuma kusoma. Kumbe dawa ile inawazuia bakteria dhaifu kukua, sugu wanabaki na kuzaana, na usugu wenyewe wanapeana, hata na bakteria wa aina nyingine. Na maji ya bwawa letu tunamwagilia mchicha!

Katika kusoma nikakutana na mwani mwekundu wa pwani ya Sydney, Australia, uitwao Delisea pulchra. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha New South Wales waliona ajabu: vitu vingine baharini vinashika utando wa uchafu, huu majani yake safi. Miaka ya 1990 siri ikajulikana, ni kemikali ziitwazo furanoni. Kwa kiasi kidogo haziui bakteria. Zinawaziba masikio.

Maana bakteria wa aina nyingi ni kama vijana wa kijiweni: mmoja hagusi mtu, wakitimia kundi ni kasheshe. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo, kama harufu. Harufu ikikolea wanajua wameshakuwa wengi, hapo wanaachia sumu kwa pamoja. Furanoni inakwenda kukaa kwenye kiti cha ile harufu, na amri ya kushambulia haisikiki. Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio ya samaki aina ya trauti walioambukizwa bakteria Vibrio anguillarum. Waliopewa furanoni iliyotengenezwa maabara kwa kuiga ile ya mwani, vifo vyao vilipungua sana.

Nikamsimulia shangazi kwa mbwembwe. Yeye ni mtu wa Paje, alikuwapo kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza huko mwaka 1989, na amefunga mwani kambani mpaka mgongo ukamuuma.

"Na huu wetu je, mwanangu?"

Nikamwambia si huo. Wa Paje unanunuliwa kwa ajili ya ute wake wa kugandishia vyakula na dawa za meno.

"Haya, hiyo ya Sydney inauzwa duka gani?"

Hapo nikakwama. Hakuna duka. Furanoni ikizidi inadhuru viumbe vya majini vyenyewe, na maabara imeshaonyesha kuwa bakteria wanaweza kujenga usugu hata dhidi yake. Bado naiona fikra nzuri kuliko zote nilizosoma, kumnyima adui habari badala ya kumpiga mabomu. Lakini fikra huwezi kuimwaga bwawani.

Shangazi akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo. "Basi tuwapunguze samaki, tubadilishe maji."

Tumefanya hivyo, na dawa hatujatia tena. Jumamosi mama yule kaagiza kilo tatu. Nimeshajipanga kumweleza ya safari ile kabla sijampimia. Shangazi anasema nitapoteza mteja.