Rangi Baina ya Embu na Meru

Katika umri wangu wote wa kazi, nilioutumia baina ya Embu na Meru kwa kupaka magari rangi, riziki niliipata kwa pikapu za miraa, ambazo wenyewe walitaka zikauke upesi zirudi barabarani. Lakini ujira ulionifurahisha zaidi ni ule mdogo niliopewa na watu wasiomudu gharama ya karakana, walioniita kwao ili gari kuukuu la nyumba lirejeshewe sura yake uani, chini ya turubai, baina ya zizi na mibuni.

Aghalabu gari hilo lilikuwa Peugeot 404, ambalo heshima yake ilienea milimani kwetu tangu Nick Nowicki aliposhinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963 na tena 1968, miaka ambayo kila mmoja yalimaliza magari saba tu, na baina yake Bert Shankland wa Tanzania akashinda 1966 na 1967. Na mwalimu au karani aliyejaliwa kulipata, hata likiwa limezeekea mikononi mwa wengine, hakuridhia kuliuza kwa bei ya vyuma chakavu.

Hasimu wa gari huku ni udongo mwekundu. Tope la masika hujibana juu ya magurudumu ya gari literemkalo mto Thuci na kupanda kwenda Chuka, likahifadhi maji yake hata kiangazi, na chuma kikaliwa kwa ndani ilhali rangi ya nje ingali inang'aa. Ndiyo sababu sikufungua kopo kabla ya kulala chali chini ya gari na kugonga vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi, nikisikiliza mlio. Palipooza tulipakata tukaunga bati jipya, wala hatukupaficha kwa pati ya kujazia, kwani pati hunywa maji, na kutu iliyofunikwa huendelea kula.

Mwenye fedha haba nilimwambia waziwazi asibane matumizi katika msasa. Tulianza na namba 80 penye kutu, 180 juu ya pati, kisha 400 wa maji juu ya rangi ya msingi, watoto wakishika ndoo na mama mwenye nyumba akipitisha kiganja kilicholowa, ambacho hutambua bonde lisiloonekana kwa jicho.

Kisha tulingoja majira. Juni hata Agosti ukungu na manyunyu ya Mlima Kenya hutanda Embu, na rangi ya selulosi, iliyokuwa nafuu na isiyohitaji tanuri, haipatani na unyevu: thina inapopaa huupoza uso wa bati, mvuke wa hewa ukatua juu yake, na rangi nyeusi ikaingia weupe kama maziwa. Nilipendelea Januari na Februari, umande ukishakauka na upepo haujainua vumbi, uwanja umenyunyiziwa maji na vioo vimefunikwa kwa kurasa za gazeti la Taifa Leo.

Zilipokuja rangi za kuchanganywa na hadina, dawa ya kuzigandisha, zing'aazo pasipo kusuguliwa, nilikataa katakata kuzipuliza majumbani mwa watu, maana zina kemikali ya isosayanati iharibuyo mapafu, na kitambaa cha puani hakiizuii.

Selulosi hufifia ikikauka, na mng'ao wake hutoka kwa msasa wa maji wa namba 1200 na kompaundi, kazi ambayo mwenye gari aweza kujifanyia pasipo gharama. Mwalimu mmoja wa Runyenjes alisugua kidogo kidogo kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, nami Jumamosi nilipita kumwonyesha zile kingo za boneti na milango zisizofaa kukandamizwa, kwa kuwa hapo rangi huwa nyembamba na bati hutokeza upesi.