Benaco Iliyoumbwa Gizani

Ukiondoka Biharamulo kwa basi, ukapita Lusahunga na kushika barabara iendayo Rusumo, utavipanda na kuvishuka vilima vya Ngara hata ufike Benaco. Jina hilo liliachwa na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Utakuta malori yamepumzika, maduka na vibanda vya chakula. Lakini wapenzi wa sanaa ya picha waishio ng’ambo wanaijua Benaco nyingine, nayo ni nyeusi na nyeupe.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ikazuka hapo Benaco. Miongoni mwa waliokuja na kamera mwaka huo alikuwamo Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025.

Picha za namna yake huzaliwa mara mbili. Kwanza ndani ya kamera, kisha katika chumba cha giza. Humo mwanga hupitishwa kwenye negativi ukaangukia karatasi yenye dawa. Fundi akiukinga kwa kiganja au kipande cha kadibodi, sehemu iliyokingwa hubaki nyeupe zaidi. Akiuachia upite kwenye tundu kwa sekunde za ziada, mahali hapo huiva na kuwa peusi. Hivyo wingu jepesi laweza kuwa zito, na uso uliofifia ukang’aa. Man Ray, huko Paris, alithubutu zaidi: aliweka vitu juu ya karatasi, akaumba picha bila kamera wala negativi.

Je, ni halali kuyatendea hivyo mateso ya watu? Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, aliandika mwaka 2003 akimlaumu Salgado, si kwa uzuri wa picha tu, bali kwa kuwa wahamaji wake hawatajwi majina. Alfredo Jaar, msanii wa Chile aliyekwenda Rwanda mwaka huo wa 1994, alifuata njia nyingine kabisa. Mwaka 1995 alizifungia picha zake ndani ya masanduku meusi, akaandika juu ya vifuniko yaliyomo, mtazamaji asome bila kuona.

Mimi naona kiganja cha fundi hakina kosa. Mafundi wa studio zetu nao walizigusa negativi kwa penseli ili kulainisha nyuso, na hakuna bibi harusi aliyelalamika. Tofauti ni kwamba bibi harusi aliichagua picha yake, akaenda nayo nyumbani. Wale wa Benaco waliondoka Desemba 1996 kupitia daraja lile lile, pengine bila kujua kwamba sura zao zimetundikwa ukutani Ulaya.

Ukipita huko wakati wa masika, teremka kidogo. Utaona vilima vya kijani kibichi na udongo mwekundu unaonata viatuni, rangi ambazo filamu ile haikuzichukua.