Niliacha Benki, Nikashika Chaki

Siku nilipomwambia mke wangu kwamba naacha kazi benki nikasomee ualimu, alikuwa anakunja nguo za mtoto. Nikamwaga maelezo yote: nimechoka kukimbizana na wadaiwa, moyo wangu uko darasani tangu utotoni, tutabana matumizi kidogo halafu mambo yatakaa sawa. Nilipomaliza nikamuuliza, "Umeelewa, Mama Nuru?" Akajibu, "Nimeelewa." Akaendelea kukunja nguo. Basi mimi nikajua nimeshapewa ruhusa.

Hiyo ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka sita, tai shingoni na mshahara wa kueleweka. Ndugu walinishangaa. Baba mkwe alicheka mpaka akavua miwani. "Nyerere aliacha ualimu pale Pugu mwaka 1955 akaenda kutafuta uhuru. Wewe unaacha benki kwenda kutafuta chaki!" Tulicheka wote, lakini sikufichi, maneno yale yaliniuma.

Kwa kuwa shahada yangu ni ya biashara, nilijiunga na stashahada ya uzamili ya elimu pale Chuo Kikuu Huria. Wengi husoma huku wakiwa kazini. Mimi kazi ya mikopo ilikuwa inanitoa nyumbani gizani na kunirudisha gizani, nikaona nichague moja. Nikajifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, nikasoma saikolojia ya elimu, usiku nikijisomea mezani wakati wenzangu wamelala. Ndani ya nyumba hakuna kilichopungua. Nikajipongeza moyoni kwamba tunaweza.

Kisha yakaja mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule moja ya kata hapa Dar, kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya 60 kwenye chumba kimoja. Somo langu la kwanza lilikuwa utunzaji wa hesabu, mada ya kuandika kila muamala pande mbili. Nilijiandaa bwana! Nikaanza na Luca Pacioli, Mtaliano aliyeuchapisha utaratibu huo kule Venice mwaka 1494. Kiingereza kikanitiririka dakika 40 nzima. Mwishoni nikauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja, "Yes, sir!"

Mwalimu aliyekuwa ananisimamia, mama mmoja mtu mzima, alikuwa amekaa nyuma kabisa. Kengele ilipolia akachukua madaftari matano akanipa. Mawili yalikuwa matupu. Matatu yalikuwa na jina la Pacioli, basi. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, ukiwauliza watoto kama wameelewa, watasema ndiyo ili uwaache. Wape kazi waifanye mbele yako, ndipo utajua."

Kesho yake nikaja na paketi tupu za sukari na majani ya chai, pamoja na noti za karatasi nilizokata mwenyewe. Tukafungua duka mbele ya darasa. Nikaeleza kwanza kwa Kiswahili, halafu ndiyo nikaleta maneno ya Kiingereza ya kwenye mtihani. Kijana mmoja akanunua sukari ya biashara kwa fedha taslimu, akaandika ubaoni upande wa debiti, manunuzi, shilingi 50,000. Akarudi kukaa huku anatabasamu. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hajamaliza. Sukari imeingia, sasa hela imetoka wapi?"

Nilimpongeza, tukaandika krediti kwenye akaunti ya fedha, darasa likapiga makofi. Lakini kwenye daladala ya kurudi Tabata swali lile halikuniachia. Kwangu miezi kumi ilikuwa imepita bila mshahara wangu. Ada ya chekechea ya Nuru ililipwa. Umeme haukukatika hata siku moja. Kila asubuhi nauli yangu ilikuwa mezani. Hela ilikuwa inatoka wapi?

Usiku ule nilimwambia mke wangu, "Nisaidie. Nieleze tumeishije tangu nimeacha kazi." Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akafungua kabati akatoa daftari. Mgawo wake wote wa kikoba, aliokuwa anauwekea cherehani mbili ili afungue ofisi ya ufundi, ulikuwa umeisha. Vitenge alivyokuwa anawauzia wenzake kazini, kumbe ndiyo vilikuwa nauli yangu. Na deni alilokopa kwa mama yake lilikuwa bado halijalipwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza kama mjinga.

"Uliniuliza kama nimeelewa," akasema. "Hukuniuliza kama nimekubali."

Alilia, na hasira ya miezi kumi ikamtoka. Sikuwa na la kujitetea. Nilikuwa nimeandika upande wangu tu, wenye ndoto na wito, na upande wa pili nikamwachia yeye bila hata kumpa kalamu.

Hatukulala. Tulichora mistari kwenye daftari lilelile, upande wangu na wake. Nikaanza kuwaandikia hesabu wenye maduka mtaani kwetu jioni na Jumamosi, na malipo ya kwanza yakaenda kwa mama mkwe. Leo nafundisha shule ya binafsi. Mshahara haujafikia ule wa benki na sidhani kama utafikia. Cherehani ya kwanza ipo sebuleni. Ya pili bado tunaidunduliza, na siku mambo yakibana naona anavyoiangalia ile nafasi tuliyoiacha wazi kando ya dirisha.

Sijutii kushika chaki. Ninachojutia ni ile miezi kumi. Kwa hiyo wewe unayewaza kurudi shule au kubadili kazi, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, kaa na mwenzio na daftari. Usimuulize kama ameelewa. Mwambie akuonyeshe, kwa hesabu zake mwenyewe, hela itatoka wapi na yeye ataacha nini. Halafu umsikilize mpaka amalize.