Mhimili wa grafu uliotaka kumponza mzee

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina jambo la kuungama.

Kuna chama cha ushirika wa maziwa nilichokitengenezea programu ya kukaa kwenye kompyuta ya ofisini, bila kuhitaji intaneti. Ni Python, dirisha la Tkinter, na grafu za Matplotlib zimepachikwa ndani yake. Meneja akiifungua anaona mstari wa lita zilizopokelewa kila siku.

Wiki ya kwanza haijaisha, nikapigiwa simu. Meneja alikuwa amemwita mzee mmoja mkusanyaji aeleze maziwa yamekwenda wapi. Kweli, mstari wake ulikuwa umeporomoka kutoka juu kabisa hadi chini. Nikasoma tarakimu: Jumatatu lita 412, Ijumaa lita 397. Upungufu wa lita 15, haufiki hata asilimia 4! Mzee akaniuliza, "Kijana, hii mashine yako inanidai nini?"

Kosa lilikuwa langu. Usipoiambia Matplotlib mipaka, inaitafuta yenyewe kwenye data, na tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017 huongeza nafasi ya asilimia 5 juu na chini. Mhimili wangu wima ulianzia 396.25. Namba zilikuwepo pembeni, lakini ndogo mno, na gridi sikuiweka eti grafu ipendeze.

Nikarekebisha pale pale: ax.set_ylim(0, 500), alama kila lita 100 kwa MultipleLocator(100), kisha ax.grid(axis='y', color='0.85') pamoja na ax.set_axisbelow(True) ili gridi ikae nyuma ya data. Mstari ukawa karibu tambarare. Nikabonyeza kitufe cha kupakia data mpya... yote yakarudi kama zamani! Hapa wengi hunaswa. Nilikuwa naita ax.clear() kabla ya kuchora upya, nayo hufuta mipaka na gridi pia. Sasa nina funkisheni moja ya kupanga mihimili, naiita kila baada ya kuchora, halafu ndipo canvas.draw_idle().

Lakini msikimbilie sifuri kila mahali. Programu hiyo ina grafu ya uzito wa maziwa kwa mililita, ambao huwa karibu gramu 1.030. Ukianzia sifuri, maziwa yaliyotiwa maji na yasiyotiwa yataonekana sawa, na mwizi halisi atapita hivi hivi. Hiyo nimeianzia 1.000, yaani maji matupu, hadi 1.040, na gridi kila 0.010. Meneja aliielewa bila kuelezwa.

Mzee alirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Ombi lake lilikuwa moja tu, namba za pembeni ziwe kubwa azione bila miwani. Nimempa tick_params(labelsize=14), lakini sasa tarehe za chini zinagongana. Hizo nitazilaza wikendi hii.